Alama za Mtoto wa Nyumbani

Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla hatujamaliza kusalimiana. Kwenye barua mtu angalau anafika mwisho wa sentensi yake.

Nimefika salama. Ofisi ya mitihani imenipa chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, na kabati la chuma ambalo halifungiki mpaka ulipige teke. Kazi yangu mwaka huu ni kanuni. Wakubwa wameamua kwamba mtihani wa mwisho peke yake hautoshi, sasa alama za darasani zinazotolewa na mwalimu mwaka mzima nazo zihesabiwe. Unajua ninavyoliona jambo hilo. Mtihani haujui huyu mtoto wa nani. Alama za darasani zinajua, tena zinajua mpaka mama yake alimsalimiaje mwalimu asubuhi.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Chiriku nimekuachia kwa sababu ni mwaka wake wa mwisho na sikutaka kumhamisha shule. Lakini wewe ni mama yake mdogo na ndiye mwalimu wake wa jiografia. Watu wana midomo. Wakisema binti wa mtu wa mitihani kapikiwa alama jikoni kwa mama mdogo, sisi wote tumekwisha. Kwa hiyo usimwonee huruma. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Msalimie shemeji. Mwambie kile kiti cha sebuleni akipige misumari kabla hakijaua mgeni.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya kile kiti, kwa hiyo unajua nimenusurika.

Wewe umeongeza mstari mmoja kwenye kanuni, mimi nimeongezewa kazi za vitendo za darasa zima. Zimejaa sebuleni: karatasi za manila zimeviringishwa nyuma ya mlango, nyingine juu ya friji, moja ilinyeshewa ikabidi niianike kwenye kamba pamoja na mashati. Shemeji yako anakula sahani ikiwa magotini kwa sababu meza si yetu tena. Jana aliniuliza kama na yeye atapewa alama.

Sikatai kwamba nimechoka. Lakini nikuambie kitu ambacho mtihani wako hauwezi kukiona. Nilisema kila mwanafunzi achague jambo la mtaani kwake alipime. Wengi walinakili kitabu. Chiriku alichukua mifereji ya maji machafu. Alitembea na fimbo aliyoichora sentimita, akapima kina cha tope kila penye kona, akauliza wenye maduka maji hufurika lini, akachora ramani inayoonyesha kwa nini mvua ikinyesha upande wa soko ndio unaozama hata kama hauko bondeni. Kuna mfereji mmoja uliojengwa kichwa chini, Dada. Maji yanatakiwa yapande mlima. Tumepita pale miaka yote tukilaumu mvua.

Nilimaliza kusoma nikaanza upya. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningempa themanini na nane, na hizo zilizopungua ni kwa sababu maelezo yake ya mwisho yana haraka, na kasahau kuweka mshale wa kaskazini. Lakini makamu mkuu wa shule alishapita mezani kwangu ofisini, akaitazama ile ramani, akasema mbele ya wenzangu, "Ehe, mtoto wa nyumbani hali chakula baridi." Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka.

Nimempa sitini na moja. Sasa lala usingizi.

Mdogo wako


Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Umefanya vyema. Najua imekuuma, lakini sitini na moja haina wa kuinyooshea kidole. Zilizobaki atazichukua mwenyewe kwenye mtihani, kwa mkono wake, na hakuna makamu atakayecheka. Yule mtoto ana kichwa. Mtihani utamrudishia.

Laiti ungeona ninayoyaona mimi huku. Kuna shule imeleta alama za majaribio, darasa zima lina tisini, mpaka mwanafunzi aliyehama mwaka jana. Kuna mkuu wa shule alikuja na bahasha, akasema mwalimu wake "aligundua makosa ya kujumlisha". Makosa hayo ya kujumlisha yalikuwa ya mtoto wa mwenyekiti wa bodi ya shule. Nilimrudisha na bahasha yake. Wiki ileile wakaja wengine.

Basi nimesimamia kanuni moja kwa jino na ukucha mpaka ikapita: alama za darasani zikishatumwa, hazirudi. Haijalishi mwalimu kasahau, kakosea au kaota ndoto. Wenzangu walisema ni kali mno. Nikawaambia ukiacha mlango wazi kidogo kwa mwenye haki, wezi hawatapita dirishani tena, watapita mlangoni na salamu watatoa.

Chiriku anajua alama yake? Usimweleze sababu. Akijua anastahili zaidi atabweteka.

Dada yako


Tarehe 29 Agosti

Dada,

Nimezituma leo.

Nilibaki na ile karatasi ofisini wenzangu wote wakiwa wameenda kunywa chai. Nilifika kwenye jina lake nikaweka kalamu chini. Nilitaka kuandika ile ya haki. Nani angejua? Halafu nikaona ile barua yako, "haina wa kuinyooshea kidole", na nikamsikia makamu anavyocheka. Nikaandika sitini na moja nikagonga muhuri.

Ameniuliza mara moja tu. "Mama mdogo, nilikosea wapi?" Nikamwambia soma zaidi. Tangu hapo anasoma kweli. Amepungua. Maneno nayo yamepungua, na wewe unajua yule mtoto alipewa lile jina kwa kuzungumza mpaka akipiga mswaki.

Amekata shauri kuhusu chuo. Anataka upimaji wa ardhi. Nimeulizia: wanataka jiografia daraja la B au zaidi, hawashuki hapo. Nikampa moyo. Nikasema na mtihani ukiwa hivi na hivi, B unaipata, hata A.

Sijui kwa nini nakuandikia nikiwa na wasiwasi. Labda ni uchovu tu. Usiku nikifumba macho naona manila.

Mdogo wako

Mama, shikamoo. Mama mdogo kaikunja barua yake nisiisome, kaniachia mistari miwili. Mimi mzima. Yeye analala mezani akiwa kashika kalamu, jana alijichora wino mashavuni akaenda nao mpaka mkutano wa wazazi na hakuna aliyemwambia. — Chiriku


Tarehe 13 Novemba

Dada,

Yuko hai. Naanza na hilo usije ukasoma mengine ukiwa umeshika roho mkononi.

Nimepiga simu langoni kwenu tangu jana. Mlinzi ananiambia mmefungiwa humo ndani mnaandaa miongozo ya kusahihisha, simu zenu zimekusanywa, na ujumbe unaopokelewa ni wa msiba tu. Nikamwambia hajafa. Akasema basi andika barua, na usiifunge, kwa sababu msimamizi ataisoma kwanza.

Alfajiri ya karatasi ya pili ya jiografia Chiriku aliamka ameshika tumbo. Alivaa sare, akasema ni woga tu. Alifika mpaka kwenye mlango wa chumba cha mtihani. Aliangukia pale. Kumbe ni kidole tumbo, na daktari anasema tungechelewa kidogo kingepasuka. Wamemfanyia upasuaji. Shemeji yako kakesha naye usiku wote, mimi nilikuwa nasimamia chumba kingine, waliniita nimeshafungua bahasha za watoto wa watu na sikuweza kutoka hadi muda uishe.

Alipozinduka neno la kwanza aliuliza saa ngapi.

Karatasi ya kwanza aliifanya. Ya pili hakuifanya.

Mdogo wako


Tarehe 18 Novemba

Mdogo wangu,

Msimamizi anayesoma, salaam na pole kwa kazi.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido, nikaisoma tena palepale. Mungu ni mkubwa. Niambie mshono ukoje. Ana homa? Anakula? Mpeni maji ya kutosha, na asibebe hata ndoo tupu.

Niliomba ruhusa. Nimeambiwa aliyekwisha kuona karatasi hatoki mpaka mitihani iishe, awe nani awe nani. Siwezi kulalamika, hilo nalo linafahamika.

Kuhusu jiografia usiniandikie neno lolote. Nakuomba sana.

Dada yako


Tarehe 26 Novemba

Dada,

Mshono umekauka. Homa hana. Anakula. Umeuliza yote, kisha ukafunga mlango, basi na mimi nitaongea nje ya mlango na msimamizi asikilize kama anataka.

Nimeisoma kanuni yenu. Mtahiniwa akikosa karatasi kwa ugonjwa, anakadiriwa kwa alama za darasani. Maana yake karatasi ya pili ya Chiriku ni ile sitini na moja. Maana yake jiografia yake ni C. Nimepiga hesabu kila namna, karatasi ya kwanza nikiikadiria juu, nimempa shemeji yako naye apige, inatoka C. Na ingekuwa themanini na nane ingekuwa B, haina ubishi.

Wewe ulisema mtihani utamrudishia. Mtihani haujamrudishia kitu, umemnyang'anya na kilichobaki.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule na barua ya kuomba marekebisho. Niliandika ukweli: nilimpunguzia kwa makusudi kwa sababu ni mtoto wa dada yangu. Alisoma akairudisha mezani kwa ncha ya kidole. "Mwalimu," akasema, "unasikia hii inavyonuka?" Nikasema nasikia. "Shangazi, au mama mdogo, sijui mnaitanaje, anampandishia mtoto wa dada yake alama baada ya mtoto kukosa karatasi. Na dada mwenyewe yuko ofisi ya mitihani. Muhuri wangu siuweki."

Kazi yenyewe ipo, Dada. Ipo stoo ya michezo, chini ya neti ya mpira wa wavu. Ipelekeni kwa mtu asiyemjua, asahihishe bila jina. Sitaki upendeleo, nataka mgeni mmoja tu mwenye macho. Hilo wewe unaweza kulisema, mimi siwezi.

Nimekaa na mtoto wako mwaka mzima. Nimemwona anavyoinama juu ya daftari. Nikikumbuka nilivyocheka na makamu siku ile najichukia kabisa. Na wewe unaniambia nisiandike neno.

Mdogo wako


Tarehe 9 Desemba

Mdogo wangu,

Barua hii haijasomwa na msimamizi. Utaelewa kwa nini.

Nilikuomba usiandike kwa sababu nilitaka niliseme mimi kwanza, kwa mdomo, lisije likaonekana tumelipanga kwa barua. Sikuwa nimefunga mlango. Nilikuwa natafuta ujasiri, na ujasiri ulichelewa kuliko barua yako.

Kamati ilikutana mitihani ilipokwisha. Mwishoni mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo. Nikasimama. Niliwaambia kuna mwanafunzi, ni binti yangu, mwalimu wake ni mdogo wangu, alimpunguzia alama kwa kuogopa maneno ya watu, na mimi nilijua na nikamsifu. Nikasema kazi ipo, isahihishwe na mgeni.

Wakati nasema nilijisikia mwenyewe. Nilisikika kama wale wakuu wa shule wote niliowarudisha na bahasha zao. Sauti ileile, hata lile "naomba mnielewe" lilinitoka. Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mwenyekiti alivua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, angekuwa mtu mwingine kaleta maneno haya, wewe ungemwamini?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Na kanuni umeiandika wewe." Nikasema ndiyo. Mtu mmoja akaandika kitu, wengine wakatazama vikombe vyao. Jioni nikaitwa, nikaambiwa kwa heshima kwamba kwa kuwa nilikuwa na mtahiniwa wa karibu na nimejaribu kuingilia alama zake, ni vizuri nipumzike kidogo. Wakanirudishia simu yangu. Wenzangu bado wamo ndani, sasa wanasahihisha.

Nimekaa kwenye kile chumba nimelitazama kabati. Miaka yote nimepigania jambo moja, kwamba mtoto asihesabiwe kwa sababu ya jamaa zake. Na huyu wangu kahesabiwa kwa sababu ya jamaa zake, ila kwa upande wa kupunguza. Hilo sikuliona kuwa ni upendeleo. Niliona ni haki kwa sababu lilituuma.

Nakuja nyumbani. Kile kiti kimepigwa misumari? Nimechoka, nataka kukaa.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Mama na Mama Mdogo,

Shikamooni nyote. Nawaandikia barua moja kwa sababu najua mtanyang'anyana.

Huku kambini kwa wapimaji wa barabara wamenipa kazi ya kushika fito. Unasimama nayo wima, mtu wa mbali anatazama kwenye darubini, anapiga kelele "kushoto!", wewe unakwenda kulia kwa sababu kushoto kwake ni kulia kwako. Siku ya kwanza nilikwenda kinyume mpaka nikamaliza uwanja mzima. Sasa wananiita Fito. Chiriku nimemwacha huko nyumbani.

Matokeo nimekwisha kuyazoea. C ni C. Mhandisi amesema nirudie jiografia mwaka ujao kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huko hakuna alama za darasani, mama, ni mtihani mtupu, kama unavyopenda. Nitaufanya. Lakini kuna jambo linanikaa kooni na nimeona bora nilitoe nikiwa mbali, nisiwaone nyuso.

Najua nilipunguziwa. Nilijua hospitalini. Mama mdogo, ulikuwa unamweleza baba mdogo ukidhani nimelala. Sikasiriki kwa zile alama. Ninachokasirikia ni kwamba mimi niliziamini.

Mnamkumbuka jirani yangu wa dawati, yule mrefu? Mfereji wake wa nyuma ya gereji tulipima wote, kina nilikisoma mimi, yeye alishika kamba. Alipata themanini na mbili. Mimi sitini na moja. Nikasema basi kumbe mimi ninayedhani ninaona, sioni. Mwaka mzima nilikuwa nikitazama kitu najiuliza, hivi ndivyo kilivyo au ni mimi tena? Hata ile asubuhi tumbo lilipoanza nilisema ni mimi tu, najitungia. Ndiyo maana nilikwenda mpaka mlangoni.

Nyinyi mlikuwa mkiwaogopa watu. Mimi mliyekuwa mkinipima sikuambiwa.

Naomba kitu kimoja. Ile kazi bado ipo stoo. Isahihisheni. Kila mmoja peke yake bila kuoneshana, kama mnavyofanya kwenye usahihishaji wenyewe. Nisahihisheni kama mtoto wa mtu mwingine. Haiendi popote, najua. Nataka tu kuiona kwa wino.

Fito wenu


Tarehe 15 Aprili

Fito,

Makamu alinikuta stoo nimepiga magoti chini ya neti. Akauliza natafuta nini. Nikamwambia kazi ya binti yetu, nimekuja kuisahihisha upya. Alicheka. Safari hii sikucheka.

Themanini na nane. Kipimo ni sahihi, na hoja ya mfereji wa kichwa chini ni yako mwenyewe, haimo kwenye kitabu chochote nilichowahi kufundishia. Nimepunguza kwa maelezo ya mwisho yenye haraka, na mshale wa kaskazini haupo.

Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unaona vizuri tangu mwanzo.

Mwalimu wako wa jiografia

*

Mwanangu,

Nimeisahihishia upande wa pili wa meza, mama yako mdogo akiwa amenipa mgongo kama mtahiniwa anayechungwa. Mimi si mtu wa alama za darasani, unanijua. Nilitafuta mahali pa kupunguza kwa bidii yangu yote.

Maelezo ya mwisho yana haraka, hilo nakubaliana na mwenzangu.

Lakini mshale upo. Uliuchora kona ya chini, kwa penseli, mdogo na umenyooka. Ile manila ilikuwa imekunjwa pale pembeni, na mwaka mzima hakuna kati yetu aliyeikunjua.

Tisini.

Mama yako